Msichana Aliyezuia Maji

Jebet alipoanguka kwenye paredi ya asubuhi, sote tulidhani ni njaa. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, mvua bado haijafika, na mkuu wa shule alikuwa angali anasoma matangazo. Mtoto akayumba, akashika bega la mwenzake, kisha akaenda chini. Tulimbeba mpaka chumba cha walimu. Nikamfungua kola, nikamletea chai na kipande cha mkate. Mkate hakuugusa, chai hakuitazama.

"Madam, kuna maji?"

Nikampa kikombe. Akakimaliza bila kupumua. Nikampa cha pili na cha tatu. Alipoomba cha nne nikamwambia apumzike kwanza, maana mtu aliyekauka namna ile akijaza tumbo kwa mara moja atatapika yote.

"Kwani wewe hunywi maji hapa shuleni?"

Akatazama mlango.

"Jebet, mfereji uko pale tu nje ya darasa lenu."

"Haturuhusiwi, Madam."

"Hamruhusiwi na nani?"

Akaanza kulia, na jina hakunitajia. Siku hiyo nzima hakuna mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyenitajia. Nililipata mwenyewe wakati wa mapumziko, nilipokaa dirishani na kuangalia ule mfereji wa bomba, jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki tatu kabla.

Nyinyi walimu mnaotoka chuoni sasa mtaniwia radhi nikianzia hapa. Nilifundisha Kiswahili na kusimamia ushauri nasaha katika shule moja ya kutwa katika mtaa wa Pioneer mpaka nilipostaafu mwaka juzi. Mkinitembelea mnaniuliza kila mara, "Madam Njoki, mtoto anayeonea wenzake unamfanyaje?" Mnataka nihesabu kwa vidole, kwanza fanya hivi, pili fanya vile. Sina orodha. Nina kisa cha msichana nitakayemwita Nekesa. Jina lake halisi si hilo, na la Jebet si hilo. Nilimpigia simu Nekesa kabla ya kuandika, nikamwomba ruhusa, kwa sababu kuna siri yake humu ndani. Akasema, "Andika, Madam. Lakini lile neno watu wanamwita baba, usiliandike." Sitaliandika.

Nekesa alikuwa kidato cha tatu, miaka kumi na saba, mrefu kunipita, na mpaka wakati ule sikuwa nimewahi kumsikia akipandisha sauti. Hakupiga mtu. Mwalimu wa zamu akipita pale angeona tu msichana ameegemea ukuta, amekunja mikono. Wale wadogo walifika na chupa zao, wakamwona, wakageuka. Basi. Hakuna kelele, hakuna machozi, hakuna cha kuripoti. Hii ndiyo sababu tulikuwa tunapita na vikombe vyetu vya chai bila kuona kitu. Tulikuwa tumezoea kutafuta kelele.

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Kesho yake asubuhi nilimtoa Nekesa mbele ya shule nzima. Nikampa jagi na kikombe. Nikawapanga kidato cha kwanza mstari mmoja, nikamwamuru ampe kila mmoja maji na kumwambia, "Karibu maji." Nilijiona nina akili kweli. Kiboko kilikuwa kimekatazwa zamani, nami nikaona nimepata adhabu safi, isiyoacha alama. Mvulana mmoja huko nyuma akapiga kelele kama mteja hotelini, "Weita! Leta na chapo!" Shule ikaangua kicheko. Walimu wenzangu walicheka pia. Nami nilitabasamu, sitaficha.

Nekesa aliwahudumia wote. Hakumwaga hata tone. Jebet alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na alipopokea kikombe hakuinua macho. Nilikuwa nimesimama karibu yao, nikaona Nekesa naye ameyaficha macho yake. Nikajiambia, vizuri, ameona aibu, sasa atajirekebisha.

Siku mbili baadaye, begi la Jebet lilipatikana ndani ya tangi la maji ya mvua nyuma ya maabara. Vitabu vyake vyote vilikuwa humo, noti za masomo yote, Biblia, sweta. Karatasi zilikuwa zimekuwa uji. Hakuna aliyeona nani alilitia, na kila mtu alijua. Jumatatu Jebet hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Jumatano nikaenda kwao.

Mama Jebet alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake alikuwa ameiweka barazani, na nilipomsalimu aliitikia bila kuacha kukanyaga. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njiani, kwamba shule imesikitika, kwamba tunalishughulikia. Akashona mshono mzima mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akanitazama.

"Mwalimu, nimesikia ile ya jagi. Ni wewe uliyefanya?"

"Ni mimi, Mama."

"Ulikuwa unamfundisha nani?"

Nikatazama sindano ya cherehani.

"Ile aibu ulimpa yule msichana, angekurudishia wewe? Wewe ni mwalimu. Akaangalia ni nani mdogo pale, akampata wangu." Akaweka kitambaa kingine chini ya sindano. "Jebet yuko ndani. Hataki kukuona, na sitamlazimisha. Atarudi shule siku ile huyo mwingine ametoka."

Nilirudi kwa miguu ingawa bodaboda walikuwa wananiita kila kona. Nilihitaji ule umbali.

Nikiwa njiani nilimkumbuka Mwalimu Kiptoo, aliyekuwa mkuu wa ushauri nasaha kabla yangu. Nilipoanza kazi, viboko bado viliruhusiwa, nami nilikuwa hodari wa kuchapa. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mapacha, Kevin na Collins. Collins alivunja dirisha, mimi nikamchapa Kevin viboko vinne. Kevin akalia akisema si yeye, nami nikamwongeza mbili za kusema uongo. Mchana Collins akaja mwenyewe kunieleza, akiwa na heshima kabisa, kwamba hana neno, lakini sasa Kevin anataka kumchapa yeye zile sita ili wawe sawa. Nilipomsimulia, Mwalimu Kiptoo alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akaacha kucheka.

"Njoki, uliwauliza nini kabla ya kuchapa?"

"Niliuliza kwa nini alivunja dirisha."

"Basi ndiyo shida. Mtoto ukimwuliza kwa nini, anasikia umeshamhukumu, anaanza kujitetea. Mwulize tangu lini. Mambo mengi anayofanya mtoto yana siku yalipoanza. Ukiipata hiyo siku, umepata mlango."

Nilikuwa nimelisikia hilo miaka mingi, nimelifundisha hata kwenye semina. Kwa Nekesa sikulitumia. Nilikimbilia jagi.

Basi nikaanza upya. Kwanza nikamwomba mkuu wa shule anipe muda kabla ya kuitisha kamati ya nidhamu. Akanipa wiki tatu, na hakunipa kwa furaha, kwa sababu naibu wake alitaka msichana atoke siku hiyo hiyo. Kisha nikamwambia Nekesa kwamba kila saa ya chakula cha mchana atakuja stoo ya maktaba kunisaidia kukarabati vitabu.

Hapa kuna jambo la kazi, lishikeni. Mtoto wa namna hii usimkalishe mbele ya meza mkatazamana. Meza ile anaijua, ni ya kuhukumiwa. Mpe kazi ya mikono, nawe fanya kazi hiyo hiyo kando yake, macho yenu yote yakiwa kwenye kazi. Mimi nilitumia vitabu vilivyochanika migongo. Unapika gundi ya unga wa ngano, unakata vipande vya kitambaa, unapaka, unabandika, unaweka tofali juu. Ni kazi ya polepole, na haina sehemu ngumu ya kumfanya mtu ajione mjinga.

Wiki ya kwanza hakusema neno zaidi ya "Ndiyo, Madam" na "Hapana, Madam." Alifanya kazi safi kuliko mimi. Siku ya sita, akiwa anapaka gundi, akasema, "Kwani unataka nini na mimi?"

"Nataka vitabu viishe."

"Si hivyo. Unataka niseme pole."

"Pole utamwambia Jebet, si mimi. Mimi ndiye nina pole ya kukuambia wewe. Lile la paredi nilikosea."

Brashi ikasimama. Nadhani hakuwa amewahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Sikuongeza kitu. Hili nalo ni jambo la kazi, ukishaomba msamaha nyamaza, usiendelee kujieleza mpaka uuharibu. Tulibandika kitabu kimoja, cha pili.

Ndipo nikauliza, "Nekesa, ulianza lini kusimama pale mferejini?"

"Wiki ya pili."

"Ya muhula?"

"Ya hawa Fom Wan kuingia."

"Wiki ya kwanza ulikuwa unasimama wapi?"

"Sikuwa nasimama mahali. Nilikuwa nakunywa maji tu kama kila mtu."

"Na wiki ya pili kukatokea nini?"

Aliweka brashi chini taratibu sana. Kisha akainuka, akapiga teke kiti kikagonga rafu, na vitabu tulivyokuwa tumemaliza vikaanguka vyote, gundi ikiwa bado mbichi. "Usiniulize hiyo!" Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikipanda. Akatoka. Nilibaki nikiokota kurasa. Kwa sekunde moja nilikuwa nimedhani lile teke lilikuwa langu.

Siku iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Wiki moja na nusu ilikuwa imebaki.

Jumamosi saa sita mchana nilikuwa mjini kununua mahitaji ya nyumba. Wakati huo kulikuwa na bwana mmoja mgonjwa wa akili aliyejulikana na kila mtu wa upande ule wa barabara ya Nakuru. Alivaa koti kubwa la kijani, akasimama katikati ya makutano, akapuliza filimbi na kuongoza magari kama askari wa trafiki. Madereva wengine walimtii kwa mzaha, wengine walimtukana. Watu walikuwa wamempa jina la kejeli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempita mara nyingi nikitabasamu.

Siku hiyo nikamwona msichana mrefu wa leso kichwani akivuka barabara kumwendea. Akamshika mkono, akamtoa katikati ya magari mpaka ukingoni, akamkalisha, akamfungulia chupa ya maji. Mzee alipokunywa, msichana akampangusa ndevu kwa ncha ya leso. Kisha akainua kichwa, akaniona.

Nilitaka kujifanya sikumwona. Nikachelewa. Nekesa akaja kwangu moja kwa moja, akasimama karibu mno, kama alivyokuwa akiwasimamia wale watoto.

"Sasa umejua."

"Sijajua kitu, Nekesa. Nimeona tu."

"Huyo ni baba. Alikuwa dereva wa lori, alikuwa anabeba mbao. Walipata ajali huko Timboroa kukiwa na ukungu, yeye na ndugu yake. Baba mdogo akafia pale. Baba akarudi hivyo." Alisema haraka haraka, kama mtu anayetapika. "Anasema anapunguza magari mwendo, ili mtu asikufe."

Nyuma yake filimbi ililia. Mzee alikuwa amesimama tena.

"Uliniuliza wiki ya pili," akasema. "Nilienda kunywa maji nikakuta Fom Wan wanacheka. Jebet amevaa sweta ya mtu mkubwa, anapuliza na vidole, anafanya hivi na mikono. Wote wanaanguka chini wakicheka. Madam, alikuwa anamwiga baba vizuri kabisa. Hata vile anainamisha kichwa."

"Alijua ni baba yako?"

"Hakuna mtu anajua! Na ukiambia mtu mmoja tu, mwalimu ama mwanafunzi, naacha shule. Naapa sitarudi."

Nikamwambia, "Sitasema." Nilisema kabla ya kufikiri, na mara nyingine hiyo ndiyo ahadi inayokugharimu.

Mkutano wa kamati uliitishwa Ijumaa. Alikuwepo mkuu wa shule, naibu, mwakilishi wa wazazi, Mama Jebet na Jebet mwenyewe, ambaye hakuwa amevaa sare. Mama Nekesa alifika kutoka Cheptiret anakouza mitumba, akakaa kwenye kiti cha mwisho na kibeti chake mapajani, amekishika kwa mikono miwili. Nekesa alisimama. Alikiri yote, la maji na la begi. Naibu alipomwuliza sababu, akasema, "Hakuna."

"Hakuna?" Naibu akawageukia wengine. "Mnasikia wenyewe. Mtoto anamnyima mwenzake maji mpaka anazimia, na hakuna sababu. Huyu tukimweka, tutakuja kuzika mtu."

Mama Nekesa akafungua mdomo. "Mwalimu, huyu mtoto, tangu baba yake..."

"Mama!"

Neno moja tu, na mama akaufunga mdomo. Mkuu wa shule akanitazama mimi.

"Madam Njoki, nilikupa wiki tatu. Umekaa na huyu msichana. Kuna sababu ama hakuna?"

Nekesa alikuwa ananitazama pia. Hakuwa anaomba. Alikuwa anangoja kuona mimi ni mtu wa aina gani. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni ambayo ingeizuia kamati kumfukuza, lakini ningeisema, angeondoka mwenyewe na asirudi.

"Iko," nikasema. "Ninaijua. Nimeahidi kutoisema, na sitaisema."

Naibu akapiga meza. Mama Jebet akainuka. "Kwa hivyo mtoto wangu ameumia kwa ajili ya siri yenu? Mmekaa huko ndani mnabandika vitabu, wangu yuko nyumbani amejifunika blanketi!"

"Mama, una haki," nikasema. "Na lile la begi, nusu ni langu. Nilimwaibisha mtoto mbele ya watu mia tatu nikaita hiyo nidhamu. Iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao."

Mkuu wa shule akaondoa miwani, akaomba tupumzike dakika kumi. Nikamfuata Nekesa nje kwenye korido. Alikuwa amekabili ukuta.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza bila kugeuka.

"Si yangu kusema. Lakini nisikilize. Jebet hajui alikosea wapi. Wiki zote hizi amelala akijiuliza ana nini kibaya mpaka achaguliwe yeye. Anaweza kujiuliza hivyo mpaka awe mtu mzima. Mimi siwezi kumjibu. Mama yako umemnyamazisha. Umebaki wewe."

Akabaki ameukabili ukuta. Tuliporudi ndani nilidhani nimeshindwa. Kisha, kabla mkuu hajaketi vizuri, Nekesa akasema, "Naomba kuongea na Jebet. Sisi wawili tu."

"Haiwezekani," Mama Jebet akasema. "Hata kidogo."

Ndipo kwa mara ya kwanza Jebet akazungumza. Alikuwa mdogo hata kwa umri wake, na alisema akiangalia viatu. "Nitamsikiliza. Lakini tuongelee pale nje kwenye nyasi, na nyinyi mtuone kwa dirisha."

Tukasimama dirishani, watu wazima sita. Walisimama mbali, hatua tano hivi kati yao. Nekesa alizungumza huku mikono yake ikiwa nyuma. Mara moja akainua mkono mmoja, akaonyesha upande wa mjini. Jebet akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama yake akaanza kwenda mlangoni, nami nikamgusa mkono, naye akausukuma mkono wangu lakini akabaki. Kisha ilikuwa zamu ya Jebet. Alisema mengi. Kutoka pale hatukusikia maneno, lakini kidole chake kilikuwa kinapiga hewa, na yule msichana mrefu alikuwa ameinamisha kichwa anapokea. Hawakukumbatiana. Jebet akageuka, akarudi peke yake, uso umelowa.

"Msimfukuze," akasema.

"Umemsamehe?" mkuu wa shule akauliza.

"Sijui. Bado nimekasirika. Lakini nimejua ni kwa nini, na ile nilikuwa nafanya haikuwa poa." Akajipangusa kwa mkono. "Na noti zangu aziandike tena. Zote. Na mkono wake, na si haraka haraka, awe anaandika vizuri."

Hapo ndipo Mama Nekesa alipolia, na kwa mara ya kwanza Mama Jebet akamtazama.

Nekesa alisimamishwa wiki mbili. Alizitumia kuandika upya noti za kidato cha kwanza, masomo yote kumi na moja, akiazima daftari za wanafunzi wengine. Alizileta zimefungwa kwa kamba, na hata michoro ya jiografia alikuwa ameipaka rangi. Jebet alizipekua ukurasa kwa ukurasa mbele yake, akamrudishia daftari la kemia kwa sababu ya kosa moja.

Msidhani iliishia hapo vizuri. Muhula uliofuata Nekesa alimsukuma msichana mwingine kwenye foleni ya chakula, tukaanza tena, gundi na vitabu. Mama yake nami tulimpeleka mzee kliniki mara nyingi. Dawa zilimtuliza, akazichoka, akaziacha, akarudi barabarani, tukampeleka tena. Siku hizi yuko nyumbani na anafuga kuku. Nekesa alimaliza kidato cha nne, akasomea uuguzi, na sasa anafanya kazi katika zahanati moja nje ya mji. Nikilisimulia hili mahali, bila majina wala ile siri, watu hupiga makofi hapo, nami kwa miaka kadhaa nilikuwa nikilimalizia hapo.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Jebet alikuja kwangu. Sasa yuko chuo cha ualimu. Alikuwa amesikia nikisifiwa kwa kisa hiki na mtu aliyenisikia nikikisimulia kwenye semina, akataka kuniona. Tulizungumza habari za masomo, habari za mama yake. Kisha akaweka mikono mezani.

"Madam, naweza kukuuliza? Kwa Nekesa ulienda mara ngapi?"

"Kwao? Sijui. Mara nyingi. Kliniki, hospitali, nyumbani."

"Na stoo mlikaa karibu mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Kwetu ulikuja mara moja."

Nilitaka kusema kwamba mama yake alinikataza, kwamba yeye mwenyewe hakutaka kuniona. Yote yalikuwa kweli kwa siku ile moja. Kulikuwa na siku nyingine zote.

"Niliporudi shule," akasema, "kila mtu aliona mambo yameisha. Mimi nilikaa mpaka Fom Thrii nikibeba maji kutoka nyumbani. Darasani nilichagua kiti cha karibu na mlango. Wewe ulikuwa unanifundisha Kiswahili, Madam, ulikuwa unaona pale nimekaa. Sikulaumu kwa Nekesa. Alihitaji mtu, na vile baba yake alikuwa, mimi ningekuwa nani kusema asisaidiwe? Lakini nilikuwa nangoja zamu yangu, na haikufika."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, maana hasira ndiyo niliyoizoea maisha yangu yote ya kazi. Hii ilikuwa sauti ya mtoto mzuri asiyesumbua mtu, na ndio hao tunaowapita na vikombe vyetu.

Nikamwambia, "Nilikusahau, Jebet. Nisamehe." Nikanyamaza, kama nilivyowafundisha wengine, na safari hii kunyamaza kulikuwa kugumu kweli.

Alivuta kibeti chake, akaangalia saa, akasema labda aende, mama yake anamngoja. Nikamwomba akae. Nikaenda jikoni nikaongeza maji kwenye sufuria ya chai, nikaleta viazi vilivyokuwa vya kupika jioni, na visu viwili. Tukaanza kumenya, kila mtu na kisu chake, macho kwenye viazi. Viazi vitatu vikapita.

Cha nne alikishika bila kukimenya. "Siku ya kwanza," akaanza, "nilidhani Nekesa ananitania tu..."

Nikaendelea kumenya, nikasikiliza.